Kitabu cha ubatizo kimelowa, baraza linataka kukichoma: jibu kwa msomaji wa Ukerewe

Swali lenyewe kwa kifupi: "Shikamoo mzee. Niko Ukerewe, parokia yetu ni ndogo tu ya kijijini. Mama yangu Yuliana hana cheti cha kuzaliwa, tunachojua alizaliwa mwaka ziwa lilipofurika, na sasa cheti anakihitaji. Paroko katuruhusu tutafute kwenye vitabu vya zamani ila vimeandikwa lugha hatuielewi, kimoja kimelowa manake bati la ofisi linavuja, na mchwa wameshaanza kupanda ukutani. Hapohapo baraza la walei limependekeza vijana wanakili kila kitu kwenye kompyuta alafu vile vya zamani vichomwe kwa heshima. Mimi ndo katibu wa jumuiya na kazi nimeangushiwa mimi. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Kabla hujasoma mstari unaofuata, mpigie mwenyekiti wa baraza umwambie wasichome kitu, hata karatasi moja. Haya, sasa tuongee.

Nimefanya kazi na makaratasi ya zamani zaidi ya miaka ishirini upande huu wa ziwa, mengi ya parokia na mengine ya mahakama za mwanzo, na hilo wazo la "tunakili tuchome" nimekutana nalo mara nyingi, huwaga linatoka kwa watu wema kabisa wanaopenda parokia yao, wanaona kitabu kimechakaa kinatia aibu, wanaona kompyuta ni mpya inang'aa. Lakini mimi binafsi yamenikuta. Baba yangu alibatizwa kwenye parokia moja ambayo sitaitaja, na walifanya hivohivo, kijana akanakili kwenye daftari jipya, zuri kweli, mwandiko wa kupendeza, cha zamani kikachomwa. Miaka mingi baadaye baba anaomba cheti cha ubatizo anapewa tarehe ya mwezi wa tisa. Bibi, yaani mama yake mzazi, alikuwa bado hai, akasema hapana, huyu nilimzaa mvua za vuli zimeshakolea, sio mwezi wa tisa. Tukabishana naye, tukamwambia bibi kitabu kimeandika. Nilipokuja kuingia kwenye kazi hii ndo nikagundua bibi alikuwa sahihi, na hakuna tena kitabu cha kuthibitisha, kilikuwa kimeshakuwa majivu.

Kosa lilitokea hivi. Mapadre wa zamani walikuwa wanaandika miezi kwa mkato wa Kilatini. Ukiona 7bris usisome mwezi wa saba, hiyo ni Septemba. 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, 10bris au Xbris ni Desemba. Sababu ni kwamba septem kwa Kilatini ni saba, octo ni nane, novem tisa, decem kumi, na Warumi wa kale walianza kuhesabu mwaka na mwezi Machi, kwa hiyo Septemba kwao ilikuwa ya saba kweli. Majina yakabaki hata kalenda ilipobadilika. Yule kijana aliona 9bris akaandika mwezi wa tisa, nani angemlaumu? Ndo maana nasema nakala ni msaada tu, haiwezi kukaa kwenye nafasi ya kitabu.

Na kama baraza likikaza, waonyeshe sheria yao wenyewe. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 535, inasema kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na mwishoni inasema wazi kwamba hata vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Paroko anaijua kanuni hiyo, na askofu akija ziarani ana wajibu wa kukagua. Kwenye kurasa za zamani pengine utakuta neno Visum na sahihi chini yake, maana yake mkubwa alipita hapo akaona. Kitabu ambacho askofu alikisaini, baraza halina mamlaka ya kukichoma.

Sasa kile kilicholowa, hicho ndo cha kufanyia kazi leo leo. Usikianike juani, jua la kwenu linakunja karatasi na kufifisha wino ndani ya siku moja. Kilaze kivulini juu ya meza, mahali pana upepo, feni ikiwepo iwashe ila isielekee moja kwa moja kwenye kurasa. Nunua tishu nyeupe zile za kawaida zisizo na rangi wala maua, weka moja kila baada ya kurasa kumi hivi, zikilowa toa weka nyingine, rudia asubuhi na jioni. Kurasa zilizogandana usizivute kwa nguvu, ziache zikauke taratibu, nyingi huwaga zinaachia zenyewe. Ukiona ukungu vaa barakoa, na usiufute ukiwa mbichi manake utausambaza, subiri ukauke ndo uutoe kwa brashi laini, na fanyia nje. Kilichochanika kiache hivohivo kilivyochanika. Soloteipu ni adui, baada ya miaka michache gundi yake inageuka njano inakula karatasi, na leminesheni ni mbaya zaidi kwa sababu ukishaiweka haitoki. Glavu hazina haja, nawa mikono, kausha vizuri, basi. Na ukiwa karibu na kitabu tumia penseli, kalamu ya wino acha nje ya mlango.

Mchwa: toeni kabati ukutani, liache nafasi ya kupitisha mkono na ufagio ili ile njia yao ya udongo muione ikianza kupanda. Kabati liwe la chuma, miguu yake isimame kwenye makopo yenye oili chafu, hiyo mbinu ya wazee inafanya kazi. Dawa ya kupuliza msipulizie vitabu. Alafu bati lizibwe, hapo hakuna utaalamu wowote, ni fundi na misumari, na kama zaka haitoshi mchangishe jumuiya kwa jumuiya.

Haya, tumfikie mama. Umesema alizaliwa mwaka ziwa lilipofurika. Hii ni tarehe nzuri sana mwanangu, usione ni maneno ya kijijini tu. Mvua kubwa zilianza mwishoni mwa 1961, wakati nchi inapata Uhuru, wengine wanaziita mvua za Uhuru mpaka leo, na ziwa likapanda mfululizo mpaka 1964, zaidi ya mita mbili, mashamba ya ufukweni yakaenda na maji. Wewe mwenyewe umeona 2020 na tena 2024 lilivyopanda, basi wazee walipoona vile walikuwa wanakumbuka ile ya kwanza. Kwa hiyo usitafute mwaka mmoja, anza ukurasa wa mwishoni mwa 1961 nenda hadi mwisho wa 1965. Nimeongeza mwaka mmoja mbele kwa sababu nitakayoieleza.

Kitabu chenyewe jina lake ni Liber Baptizatorum, ndo maana kwenye kadi za wakatoliki kuna herufi LB na namba, LC ni ya kipaimara, LM ni ya ndoa. Kabla hujafungua hata ukurasa, muulize mama kama ana kadi yoyote ya zamani, yake au ya ndoa, au hata ya ubatizo wa mmoja wenu watoto, manake mara nyingi namba ya LB ya mzazi imeandikwa humo, na ukiwa na namba kazi ya wiki inakuwa ya dakika tano. Kama alifunga ndoa parokia nyingine waandikie kule pia, kwa sababu ili afunge ndoa ilibidi apeleke cheti cha ubatizo, kwa hiyo wana habari zake.

Kama namba hakuna, unasoma mstari kwa mstari. Jina lake usilitafute kwenye Y. Kilatini kitaandika Juliana, kama ambavyo Yohana ni Joannes, Yosefu ni Josephus, Yakobo ni Jacobus, Aloisi ni Aloysius, Karoli ni Carolus. Natus au nata ni tarehe ya kuzaliwa, baptizatus au baptizata ni ya kubatizwa, na hizi mbili usizichanganye hata siku moja. Filia ni binti, filius ni mwana, baada yake yanafuata majina ya baba na mama. Patrinus ni baba wa ubatizo, matrina ni mama wa ubatizo. Mwisho kabisa sahihi ya aliyebatiza.

Vijiji vya mbali vilikuwa vigango, padre anafika mara chache kwa mwaka, kwa mtumbwi au kwa baiskeli, kwa hiyo mtoto anaweza kuzaliwa mwezi wa pili akabatizwa wa nane, au mwaka unaofuata kabisa, ndo hiyo sababu ya kusoma mpaka 1965. Na kuna jingine ambalo hata waliozoea vitabu wanateleza: mtoto akiugua, katekista alimbatiza palepale nyumbani kwa maji tu, utakuta maneno in periculo mortis, yaani kwenye hatari ya kufa. Akipona, padre akija anamalizia sala na mafuta, wanaandika caeremoniae suppletae au mkato wake. Basi mtoto mmoja anaweza kuonekana mara mbili kwa tarehe mbili, na wala sio watu wawili.

Majina ya ukoo ndo yana kazi. Mapadre wa mwanzo wengi walikuwa Wafaransa, wakaja na Waholanzi na Wakanada, kila mmoja anaandika alivyosikia kwa sikio lake. Wafaransa wa mwanzoni waliandika Oukéréwé na Boukoumbi, yaani u yetu wao wanaandika ou. L na r zinabadilishana kila mahali, jina la babu yako linaweza kuwa na l mwaka huu na r mwaka unaofuata, mtoto wa kwanza na wa pili wa baba mmoja wanaonekana kama hawana undugu. Kwa hiyo soma kwa sauti. Kweli, soma kwa sauti ukiwa na mzee pembeni, anayejua majina ya Kikerewe, ya Kijita na ya Kikara, wewe unatamka yeye anasikiliza, nimeona bibi mmoja asiyejua kusoma akitegua kwa asubuhi moja majina yaliyonishinda mimi wiki mbili.

Ukipanda juu kwa babu na bibi zako utaona mambo ni tofauti. Wale wengi walibatizwa wakubwa, na Wamisionari wa Afrika, hawa tunaowaita White Fathers, walikuwa na kanuni ya mwanzilishi wao Kardinali Lavigerie kwamba mtu mzima asibatizwe mpaka apite miaka minne ya mafundisho. Kwa hiyo tarehe ya ubatizo wa babu haikuambii alizaliwa lini, inakuambia alianza kusali lini, punguza miaka minne. Umri wao utaona circa, yaani kama, padre alimtazama mtu akakadiria. Usije ukachukua ile "kama 20" ukaifanya mwaka kamili wa kuzaliwa.

Ukimpata mama, usipige picha ukakimbia nayo RITA, ile ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo. Mwombe paroko akuandikie cheti cha ubatizo rasmi chenye namba ya LB, sahihi na muhuri, na umwombe aandike tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kitabuni, pamoja na ya ubatizo. Hicho sio cheti cha kuzaliwa, ila ni kiambatanisho kinachokubalika kwa mtu mzima anayesajiliwa kwa kuchelewa, pamoja na vitu kama cheti cha kumaliza shule ya msingi. Tafuta na kitu cha pili cha kukiunga mkono. Shule nyingi za zamani zilianzishwa na misheni na zina rejista za kuandikisha wanafunzi, mwalimu mkuu mwambie vizuri atakufungulia kabati. Maombi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa eRITA, mtandao ukikusumbua nenda ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya hapo Nansio, ndo msajili wa wilaya. Kagua kwanza tarehe iliyoko kwenye kitambulisho cha NIDA cha mama, manake ile namba ya tarakimu 20 inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na kama enzi zile alikadiriwa tu, tarehe mbili zitagongana na utaulizwa. Ni bora wewe uliseme mapema, na cheti cha ubatizo mkononi.

Kuhusu vijana na kompyuta, wazo lao lisife, ligeuzwe tu. Wapige picha badala ya kuchapa upya. Wawili wawili, mmoja anafungua kurasa mwingine anapiga, karibu na dirisha asubuhi, mwanga wa simu umezimwa, simu imewekwa juu ya kitu kisichotikisika. Kila ukurasa upigwe, hata mtupu, hata jalada, hata vikaratasi vilivyochomekwa katikati, na pembeni pasikatwe. Pembeni ndo penye uhai: padre aliandika hapo mwaka mtu aliopata kipaimara, alimwoa nani na wapi, kama aliingia upadre au utawa. Yule kijana wa parokia ya baba yangu hakunakili pembeni hata moja, kwa kuwa aliona ni uchafu wa kalamu. Picha ziwekwe sehemu tatu, moja ofisini kwenu, moja kwenye flashi inayofungiwa mahali pengine, moja kwa ofisi ya jimbo.

Ila mwanangu, zisiende kwenye grupu la WhatsApp la parokia. Humo kuna watoto waliozaliwa nje ya ndoa, kuna ambao baba hakuandikwa, kuna waliolelewa na watu wanaowaita wazazi na hawajui. Kijiji chenu ni kidogo, picha moja inavunja nyumba. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sio suala la adabu peke yake. Mtu aonyeshwe ya kwake na paroko.

Umeuliza pia kwenye barua yako, ingawa kwa mstari mmoja, kama vitabu hivi vina faida yoyote nyingine kwa kijiji. Vina nyingi mno. Chukua majina ya vigango na vitongoji vya kabla ya Operesheni Vijiji, ile ya 1973 hadi 1976 iliyohamisha watu. Yako majina ya mahali ambayo hayapo tena kwenye ramani wala midomoni mwa vijana, na yamelala humo kitabuni, kila mstari na jina la mahali mtu alipotoka. Ukiyaorodhesha na wazee wakakuonyesha kwa kidole palikuwa wapi, umefanya kazi kubwa kuliko mimi. Au tazama Bukumbi, upande wa Misungwi, misheni ya kwanza kudumu huku kusini mwa ziwa, ilianza 1883. Miongoni mwa wakristo wake wa mwanzo kulikuwa na watoto waliokombolewa utumwani, waliotoka mbali na ukoo wao, na ushahidi ulioandikwa kwamba mtoto kama huyo aliwahi kuishi ni mistari michache ya padre. Nikifikiria mtu anasogeza kiberiti karibu na mistari ya namna hiyo nakosa usingizi.

Bujora nako pale Kisesa, Makumbusho ya Wasukuma yalianzia parokiani, padre Mkanada David Clement na wakristo wake miaka ya 1950, na mpaka leo ngoma za Bulabo zinachezwa baada ya sikukuu ya Ekaristi na Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wacheza ngoma wa Kisukuma, wanashindana. Sisemi mjenge makumbusho. Nasema parokia ya kijijini inaweza kushika kumbukumbu ya watu wote, hata wasiosali hapo, kwa kabati moja la chuma na mtu mmoja mwenye ufunguo anayejali, na huyo kwa sasa ni wewe.

La mwisho, ikitokea mama hayumo au ukurasa wake ndo ulioliwa na mchwa. Usikate tamaa hapo. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, zilizotumika mpaka 1983, zilimwagiza paroko kila mwisho wa mwaka apeleke nakala ya vitabu ofisi ya askofu. Ukerewe leo iko Jimbo la Bunda lililoanzishwa 2010, lakini mama alipozaliwa mlikuwa chini ya Jimbo la Mwanza, kwa hiyo barua iende Mwanza, sio Bunda peke yake, iandikwe na paroko, itaje kigango, majina ya wazazi wote wawili kwa namna zote mnazodhani yaliweza kuandikwa, na miaka 1961 hadi 1965. Kagua na parokia mama, ile ambayo yenu ilizaliwa kutoka kwake, manake kabla parokia yenu haijasimama watoto wenu waliandikwa kule. Na mtafute mama wa ubatizo wa Yuliana, au watoto wake kama ameshafariki, watu wa zamani walikuwa wanabatizwa kundi zima siku moja. Ukimpata mmoja wa kundi hilo akiwa na kadi, soma namba yake ya LB, alafu hesabu mistari kumi juu na kumi chini.